Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Mfupa

Miaka yote niliyomjua Mwalimu, sikumbuki siku aliyonisalimia kama watu wanavyosalimiana. Nikisema, "Shikamoo, Mwalimu," ataitika, "Marahaba," halafu kabla sijavuta pumzi: "Kuna kilichoharibika?" Iwe sokoni, iwe kanisani, iwe msibani, ni hilohilo. Siku ya harusi ya binti yangu alimshika bibi harusi mkono, akamtazama machoni, akamuuliza, "Kuna kilichoharibika?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilijilazimisha tu kucheka, maana wakati huo kilikuwepo kilichoharibika, nilikiharibu mimi, na nilikuwa sijamwambia.

Mimi ni seremala wa hapa mjini, mtaa wa Isevya. Kibanda changu na nyumba yake vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, hata akikohoa nasikia, nami nikijigonga kidole kwa nyundo anasikia, na neno ninalolitamka hapo analisikia pia. Alikuwa mama mtu mzima, amestaafu kufundisha baiolojia. Hakunifundisha hata siku moja, lakini Isevya nzima nani alimwita jina lingine? Yeye alikuwa Mwalimu, mimi nilikuwa Fundi, basi.

Chumba chake cha nyuma, ambacho mtu mwingine angekipangisha, alikijaza mifupa. Msishtuke, si ya watu. Ni ya wanyama, na mingi haistahili hata kuitwa mifupa: vipande, vibanzi, makombo ambayo ukiyaona njiani unayapiga teke. Ilitoka kwenye mashimo ya udongo wa matofali, kando ya njia ya zamani ya misafara. Vijana wakichimba walikutana na majivu, shanga na vyungu vilivyovunjika, na chini yake tena, kwenye udongo wa zamani zaidi, mifupa. Walikuwa wakiitupa. Mwalimu akawaendea na maandazi. Aliyeleta mfupa alipata manne, asiyeleta alipata mawili. Nikamuuliza, kwa nini asiye na kitu naye ale? Akasema, "Nisipompa, kesho ataniletea mfupa wa supu." Akili hiyo!

Mimi ndiye niliyemtengenezea droo za kuihifadhia, za mninga, kila moja na karatasi yake iliyoandikwa kwa penseli. Wino hakuutaka. "Kalamu ya wino ni ya Mungu, Fundi. Sisi wengine tuandike kitu kinachofutika." Na chumba kile kilikuwa na sheria kuliko seminari. Viatu vya ngozi, nje. Mkanda wa ngozi, nje. Chai ya maziwa, marufuku. Siku ya kwanza niliingia nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja na droo kwa mkono wa pili. Nikadhani ni mambo ya dhehebu. Yeye Mmoravian, mimi Mkatoliki, na nimelelewa nisihojihoji dini ya mtu. Laiti ningehoji.

Afisa mmoja kutoka ofisi fulani alikuja siku moja kuiona mifupa, amevaa viatu vyeusi vinang'aa. Mwalimu akamsimamisha mlangoni. "Vua, baba." Afisa akacheka, akadhani anataniwa. "Vua, au uione kwa picha." Alivua. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, kidole gumba chote nje, na Mwalimu, badala ya kugeuza macho kama watu wenye adabu, akasema, "Pole, nina uzi na sindano." Mtu huyohuyo, Mungu ni shahidi wangu, kila Jumamosi asubuhi alikuwa anakwenda kunywa supu ya makongoro, mwisho kabisa wa mtaa, bakuli mbili, akitafuna mishipa mpaka inalia. Kisha anarudi anaoga mwili mzima ndipo anafungua chumba cha mifupa. Ng'ombe tumboni sawa, ng'ombe chumbani hapana.

Nilimuuliza wakati mmoja: kipande kisicho na umbo, kama kijiti cha kuni, utajuaje ni cha mnyama gani? Mfukoni mwake hapakukosekana michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Akatoa kipande, akakiweka juu ya meza yangu. "Ndani ya mfupa mna protini, Fundi. Kila mnyama ana yake. Inafanana na ya ndugu zake, lakini kuna mahali inatofautiana, na maabara wanapaona. Kuna na vinasaba, hivi mnavyovisikia kwenye kesi za kugombea mtoto. Vinasaba kwa joto letu hili ni kiazi kibichi, havikawii kuoza. Protini ni michembe. Inakauka, inavumilia, unakuja kuikuta siku nyingi baadaye na bado ni kiazi." Halafu akakila kile kipande. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa ng'ambo, anafanya kazi kwenye maabara ya kusoma hizo protini. Mwalimu alikuwa akimtumia vipande, na majibu yakirudi nasikia ukuta unagongwa, ananitajia mnyama. "Fundi! Pofu!" Siku nyingine, "Fundi! Tohe, wawili!" Nami najibu, "Hongera, Mwalimu," kana kwamba amejifungua.

"Sasa wana faida gani?" nilimwambia. "Si wamekwisha kufa?"

Ebo! Alinitazama mpaka nikaona haya. "Mgonjwa akiletwa hospitali hajitambui, daktari anauliza nini? Anauliza: kabla hajaugua alikuwaje? Alikuwa anatembea? Alikuwa anaona? Msitu nao hivyohivyo. Watu wanataka kupanda miti, kurudisha maji, kurudisha wanyama. Kurudisha kipi? Kila mtu anarudisha alichokiona utotoni mwake, na utotoni mwake ugonjwa ulishaanza." Tangu siku hiyo sikumwuliza tena habari ya faida.

Alikuwa mwoga, nisidanganye. Radi ikilia anafunika vioo vyote, anaficha mpaka mkasi. Akipanda bodaboda anafumba macho na kuimba tenzi kwa sauti, mpaka dereva anapunguza mwendo kwa aibu. Akiwa safarini simu yangu haipoi: "Fundi, chungulia dirishani, nimeacha pasi?" Dakika mbili: "Fundi, nimekumbuka sina pasi ya umeme. Chungulia tu." Aliwahi kuwapeleka wanafunzi kuona wanyama porini, akabaki ndani ya basi na madirisha yamefungwa. Maisha yake yote alifundisha meno ya kiboko, na alipopata bahati ya kumwona aliye hai, alifumba macho. Nilimtania kwa hilo. Akasema, "Mimi nampenda, Fundi. Sikusema tuonane."

Lakini hofu yake hiyo haikuwahi kumfanya aseme uongo. Mimi ndiye niliyefanywa hivyo na hofu, na sasa nieleze ilivyokuwa.

Ukweni kwangu ni kijijini, njia ya Sikonge, kando ya mbuga moja ndefu ambayo siku hizi watu huiita Mbuga Kavu. Katikati umepita mfereji wa zamani, ulichimbwa ili maji yatoke watu walime. Maji yalitoka kweli, hata na ya visimani yakafuata. Mama mkwe wangu, mtu mzima, alikuwa anavuka vijiji viwili na ndoo kichwani. Wakaja watu wa mradi wa kurudisha uoto. Wakasema wako tayari kusaidia kuziba mfereji, kupanda matete na miti pembezoni, kuliacha bonde linywe maji tena. Sharti lao moja: waonyeshwe kwamba bonde lile lilikuwa na maji yake lenyewe mwaka mzima. Hawakutaka kulazimisha bwawa mahali ambapo Mungu hakuliweka. Upande wa pili walikuwepo waliotaka mfereji uongezwe kina na bonde ligawanywe mashamba ya tumbaku. Tumbaku ukishaivuna unaikausha kwa kuni, kwa hiyo na miombo ya kandokando ingekwenda. Mwalimu akawaahidi barua kutoka maabara, na kijiji kikasema, tusubiri ushahidi wake.

Ushahidi wenyewe ulikuwa kipande kimoja, ukubwa wa kiberiti, kutoka shimo la matofali pembeni mwa mbuga ileile. Kizito, kinene. Mwalimu alinionyesha akanong'ona, kana kwamba watu wa tumbaku wangesikia. "Ni wa mguu, hilo naliona. Nikisema mnyama nitakuwa nabahatisha, lakini wewe ni jirani. Naomba awe kiboko."

"Watasema msafara ulimleta."

"Msafara unabeba pembe, unabeba meno. Nani abebe mfupa wa mguu wa kiboko kutoka mto Malagarasi aje autupe hapa? Kama kiboko aliishi hapa, maji yalikuwa hapa, masika na kiangazi. Kiboko haishi kisimani."

Kesho yake droo ya kipande hicho ikawa inakwama. Akaniomba niitazame akirudi kwenye mazoezi ya kwaya. Akirudi! Mimi nani nimsubiri mtu kwa droo? Niliichomoa na vilivyomo, nikaipeleka kibandani, nikapiga randa ubavu mmoja, nikairudisha kwenye fremu kuijaribu. Ikakwama. Nikaisukuma kwa goti. Nikasikia *ka*.

Kipande kilikuwa kimebanwa kwenye fremu, kikavunjika vipande vitatu na kibanzi. Nikavikusanya kiganjani, nikakimbilia kibandani kama mtu aliyeua. Sasa, mimi gundi nyeupe ya dukani siitumii. Baba yangu alinifundisha kuchemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe mpaka viwe kama uji mzito, na kiti kilichoungwa kwa gundi hiyo kitavunjika kwingine kokote, si pale kilipoungwa. Sufuria ilikuwa jikoni, bado ya moto. Niliunga. Jamani, niliunga vizuri! Nikakigeuza juani, mstari hauonekani. Nikajisifu moyoni, nisiwafiche. Kibanzi kimoja kilikataa kuingia, na kukitupa sikuthubutu, nikakitumbukiza kwenye kopo la misumari ya inchi moja. Mwalimu aliporudi droo ilikuwa inateleza kama kwenye mafuta.

"Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna, Mwalimu."

Kipande kikasafiri ng'ambo. Majibu yalipofika ukuta haukugongwa. Alikuja mwenyewe, kashika simu kwa mikono miwili. "Ng'ombe," akasema. Nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote, wala sikujua kwamba nahurumia kazi ya mikono yangu. Nikamwambia, "Usiisome kule. Sema haijafika." Akatikisa kichwa. "Niliwaahidi barua, Fundi. Sikuwaahidi kiboko."

Akaisoma. Mbele ya mkutano wa kijiji, amesimama wima: ng'ombe. Palikuwa na mfugaji mmoja aliyehamia kutoka Choma, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mifugo. Alirusha fimbo juu. "Nilisema mimi! Ng'ombe yuko hapa tangu babu wa babu!" Na mwenyekiti wa kijiji, ambaye minong'ono ya kiboko ilikuwa imemfikia, akamalizia, "Kumbe, Mwalimu, kiboko wako ana pembe!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Watu wa mradi wakaaga kwa heshima, wakaenda kwingine. Upande wa chini wa bonde ukagawanywa msimu uleule, mfereji ukaongezwa kina, na mama mkwe wangu akaongezewa kijiji cha tatu cha kuvuka. Hata mjini habari zilifika. Watoto wa mtaani wakampa Mwalimu jina, Mama Kiboko. Akipita wanaguna kama viboko, naye anawapungia mkono.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, tunakunywa chai ya rangi kibarazani kwake, akawa ananisimulia mambo ya makumbusho ya zamani. "Unajua walichowahi kuharibu? Mfupa ukivunjika waliuunga kwa gundi ya ngozi. Leo ukiupima, maabara inasoma gundi. Unauliza mfupa, anajibu ng'ombe aliyechemshwa. Ndiyo maana mimi ngozi chumbani kwangu hapana."

Chai ilinimwagikia mapajani, sikuisikia. Nikasema nina mlango unanisubiri, nikaondoka.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuvizia. Nikisikia lango lake, nawasha mashine hata kama sina ubao wa kukata. Nikimwona sokoni nageukia vitunguu. Nilijiambia nitamwambia Pasaka, nikasema baada ya harusi, nikasema baada ya mavuno. Nilikuwa namwogopa yeye, lakini zaidi nilimwogopa mama mkwe. Kwetu mkwe humsogelei ovyo wala humsemeshi ana kwa ana. Ukikutana naye njiani unampisha, na salamu mnapeana kwa mbali. Sasa mtu huyo ningemwambiaje kwamba shingo yake inapinda kwa ajili ya gundi yangu? Mke wangu nilimwambia. Alilia kwanza, maana ni mama yake. Siku ya nne akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Miaka miwili hiyo.

Ikatangazwa kwamba tumbaku ikishavunwa, upande wa juu wa mbuga nao utagawanywa. Ule ndio wenye chemchemi iliyobaki, inayotoa maji kama jasho. Siku hiyo nilirudi nyumbani kula. Mke wangu akaniwekea meza, akaninawisha mikono vizuri, akaenda jikoni, akarudi na kopo la misumari. Akaliweka mbele yangu. "Leo chakula chako ni hiki."

Nikaenda nalo nyumba ya pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna kilichoharibika?"

"Kipo, Mwalimu."

Alikaa chini kabla sijaeleza. Nilipomaliza hakupiga kelele. Aliuliza kama daktari: gundi niliipaka kwenye mpasuko tu au nje pia? Kote. Kibanzi hiki kiligusa sufuria? Hapana. Kopo liliwahi kuwa na gundi? Misumari tu, tangu yalipokwisha maziwa ya un—

"Maziwa?" Akasimama.

"Ya unga, Mwalimu, nililiosha, ni miaka!"

"Maziwa si mfupa," akasema, akijituliza mwenyewe, "maziwa protini yake ni nyingine, wataitofautisha. Wataitofautisha." Akavaa glavu, akakitoa kibanzi katikati ya misumari kwa koleo. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Alipokwisha kukifunga ndipo hasira zilipomjia. "Miaka miwili, Fundi! Miaka miwili nasomwa mtaani kama tangazo la minada! Nilikuuliza! Kila siku nilikuwa nakuuliza!" Akavua miwani. Nilitaka ardhi ipasuke.

Baadaye nikasema, "Sasa watajua ni kiboko."

"Nani kasema ni kiboko? Kikisema ng'ombe tena, basi ni ng'ombe, na bonde wagawane. Sibishani na mfupa." Akafuta miwani muda mrefu. "Na nikienda kuisoma mkutanoni sitakutaja. Kosa la mtu atalisema mwenyewe. Ila mimi uongo sitakusemea."

Tulingoja. Yeye alikuwa anagonga ukuta kuniambia kwamba hakuna kitu. Nilipasua mbao mbili za mninga kwa kukosea vipimo, mimi! Ujumbe ulipoingia aliuchapisha kwenye karatasi, akaja nao kibandani, akanipa nisome mwenyewe. Kiboko. Nilirusha kofia, nikaruka, nikamwita mke wangu kwa sauti. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, kajishika magoti.

"Hufurahi?"

"Wale wa upande wa chini wamelima kwa barua yangu, Fundi. Wamejenga mabani ya kukaushia. Nawaambia nini?"

Sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Yeye hakuwa amelala kwa ajili yao.

Siku ya mkutano tulipanda bodaboda mbili. Aliimba njia nzima. Watu walikuwa wengi, na wanawake wamekaa upande wao kwenye kanga, mama mkwe wangu mstari wa mbele. Nilijificha nyuma kabisa, karibu na baiskeli. Mwalimu akasimama, akaisoma barua yote, hata maneno ya kitaalamu akayaeleza. Akasema upande wa juu usigawanywe. Akasema waliolima chini hawana kosa, wavune, na ndipo watu wazungumze nao.

Yule mfugaji wa Choma akadakia: "Mwalimu, barua ya tatu inakuja lini? Tujiandae, isije ikawa twiga."

Loo, vicheko! Mwenyekiti akainua mkono. "Mwalimu, tuelewane. Mfupa ni uleule?"

"Uleule."

"Juzi ng'ombe, leo kiboko?"

"Kipande cha kwanza kilipakwa gundi ya ngozi ya ng'ombe. Maabara ilisoma gundi."

"Nani alipaka?"

Mwalimu jina hakulitaja, akaikunja karatasi, akaikunjua. Naisikia inavyolia mpaka nyuma nilikokaa. Mmoja akasema amehongwa na watu wa mradi. Mwingine akasema mwacheni, ni uzee. Wenye mashamba wakaanza kusimama waondoke. Yeye aliitazama karatasi yake tu. Kama angenitupia jicho mara moja ningemchukia, na ingekuwa nafuu yangu. Hakunitazama.

Nikasimama. "Ni mimi. Fundi. Niliuvunja kwa goti, nikauunga kwa gundi ya baba yangu, nikamwambia Mwalimu hakuna kilichoharibika. Yule ng'ombe ni wangu." Mfugaji akaniuliza gundi hiyo inapikwaje. Nikaeleza, ngozi, maji, moto, yote, na mama mkwe wangu kule mstari wa mbele anasikia kila neno, kainamisha kichwa. Sijawahi kuvuliwa nguo hadharani, lakini sidhani kama inazidi pale.

Mfugaji akageukia watu. Hakuwa anacheka tena. "Huyu ni mkwe wa hapahapa. Mwongo anaweza kujisingizia mbele yetu sisi. Mbele ya mama mkwe wake? Nani? Kiboko alikuwepo, jamani."

Walibishana mpaka jua likakaa upande. Wengine waliondoka wakitema mate. Mwishoni mikono ikainuliwa: upande wa juu hautagawanywa, mfereji wa juu utazibwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, mradi ukirudi au usirudi. Chini wavune kwanza, kikao kingine kitakaa.

Watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja akanijia na ndoo mbili. Akaziweka miguuni pangu, akasema kwa adabu, kama anayesoma: "Mama mkwe wako anasema, anamshukuru mkwe wake kwa kusema ukweli. Anasema mkwe wake anakijua kisima kilipo, kijiji cha tatu. Anasema leo yeye amechoka."

Nikachukua ndoo. Mwalimu akanifuata na fimbo ya kuazima, akilalamika njia nzima, kwamba natembea mbio, kwamba kuna nyoka, kwamba ndoo moja ina ufa. Tulipofika kwenye tuta akasimama kupumua.

"Nilidhani hutasimama."

"Hata mimi, Mwalimu."

"Usingesimama, ningefanyaje?"

"Ungenitaja."

"Nisingekutaja." Akajifuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Ndiyo maana niliogopa vile."

Nikaziinua ndoo, nikatangulia. Kisimani foleni ilikuwa ndefu, wanawake watupu, na kwa walivyogeuka wote kwa pamoja kunitazama, nikajua habari zimetutangulia.